Ufa Aliouziba Kioo

Dada yangu huharibu kuta kwa makusudi, na ameolewa na mwanamume aliyetumia maisha yake yote kuzinyoosha. Sijui ndoa yao imedumu vipi. Ingekuwa mimi, ningeshafukuzwa zamani, au ningeshafukuza.

Shemeji yangu ni fundi wa lipu. Wenzake walimbandika jina la Kioo, kwa sababu ukuta ukitoka mikononi mwake ulikuwa laini kiasi kwamba mtu alitamani kuchana nywele mbele yake. Alikuwa na tabia moja iliyowakera wenye nyumba. Akishamaliza chumba, haondoki. Anafunga madirisha, anawasha taa, anaishika ubavuni mwa ukuta, naye anaweka shavu karibu kugusa lipu na kutazama. Taa ikipita kwa ubavu haifichi kitu, ndivyo alivyokuwa akisema, maana hata kovu dogo linatoa kivuli. Akiona kivuli anarudia, mwenye nyumba apende asipende.

Hivyo ndivyo alivyokutana na Dada. Alikuja kupiga lipu sebule ya wazazi wetu, na Dada wakati huo alikuwa msichana mwenye cherehani yake na maringo yake. Ukuta ukiwa bado mbichi, Dada akaenda akaubandika kiganja. Kioo akaikuta alama, akasawazisha. Kesho yake akakuta kiganja kingine palepale, akasawazisha tena. Cha tatu alikiacha. Wakati wa kurudisha vitu ndani, akaomba kabati la vyombo lisukumwe mpaka hapo ili mama asikione. Kiganja hicho kipo hadi leo nyuma ya kabati, na mama alikijua tangu siku ya kwanza, ila aliona posa inakuja akafunga mdomo.

Dada anashona mapazia. Hiyo ndiyo kazi yake mbele za watu. Picha zake za lipu zilianza watoto wao walipokwisha kuondoka nyumbani, ua ukabaki mtupu. Kioo alikuwa akirudi na masalia ya kazi: jasi kidogo kwenye ndoo, mchanga uliochekechwa, vipande vya mbao nyembamba. Dada naye alikuwa na makombo yake ya vitambaa, nyuzi na magunia. Siku moja akapaka ubao gundi ya mbao, akabandika gunia, akamwaga lipu juu yake na kuianika juani. Ikapasuka. Kioo aliporudi akaitazama kwa huruma, akamweleza mkewe kosa lake taratibu: gundi haikuwa imekauka, jua lilikuwa kali, na lipu ilikuwa nene mno. Dada akasikiliza kwa adabu zote. Kesho yake akaongeza unene.

Tangu hapo, kila ambacho mumewe alikikataza ukutani, yeye alikitia kwenye picha. Mchanga ukizidi lipu inamomonyoka, basi akazidisha mchanga. Chumvi ikiingia ukuta unaota weupe, basi akatia chumvi. Msumari wenye kutu unatokeza doa, akawa anaokota misumari yenye kutu njiani na kuitia mfukoni, na mimi nikitembea naye najifanya simjui. Rangi alizipata kwa mkaa uliosagwa, maji ya chai, udongo mwekundu na mabaki ya makopo. Miaka yote hiyo alikuwa ameketi mezani akimsikiliza mumewe akisimulia maradhi ya kuta, na kumbe alikuwa anajifunza.

Anasema anachochora ni mandhari. Mimi ni mtu wa kuuliza, na mdomo wangu hauna breki.

"Mlima uko wapi?" nilimwuliza mara ya kwanza.

"Huo hapo."

"Mimi naona gunia lililomwagikiwa."

"Hebu nenda katazame kutoka mlangoni."

Nikaenda mlangoni. Nikaona gunia lililomwagikiwa, sasa kwa mbali. Dada akacheka mpaka akakaa chini. Hachukii ukimwambia huoni kitu. Anachukia ukijifanya umeona.

Hakutaka kuzipeleka picha zake mahali watu wanapoingia kimyakimya na viatu vizuri. Alitaka zikae pale watu wanaposubiri. Alisema mtu anayesubiri hana pa kuweka macho, akishamaliza kuyatazama mafuta ya kisogo cha aliye mbele yake anabaki na mawazo yake tu. Kwa hiyo akaanza kuomba. Akaweka moja kwenye ofisi ya maji, ukutani, pale foleni inapojipinda. Akaweka nyingine maktaba, karibu na mlango. Ya ofisi ya maji, watu walikuwa wakiiegemea. Ya maktaba, msomaji mmoja alimwita mkutubi pembeni akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ukuta wao unaota ukungu, wauwahi. Dada alipoisikia habari hiyo alifurahi wiki nzima.

Na watu walizigusa. Hilo ndilo lililomshangaza kila mtu isipokuwa yeye. Picha ndogo aliyonipa mimi niliitundika nyuma ya meza yangu ya kazi. Nafanya kazi mapokezi ya hospitali, ndiyo maana nina ulimi wa namna hii, ukikaa pale bila ulimi watu wanakumaliza. Wagonjwa walikuwa wakija kuandikisha, na huku wakinipa maelezo yao, mkono unapita juu ya kichwa changu kwenda kupapasa ile picha. Mwanzoni niliwakemea. Baadaye nikaona mtu anayepapasa ananijibu bila kugomba, nikawaacha.

Sasa niseme habari ya mkono wa Kioo, maana bila hiyo hakuna hadithi.

Nyumbani kwao hakuna aliyeitamka. Ilianza kwa Kioo kukataa kazi moja, kisha nyingine, akisingizia mgongo. Halafu akaacha kwenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambako mafundi hukaa kwenye benchi la nje asubuhi wakingoja wateja na kutaniana. Akawa anavaa koti hata jua likiwa la utosi, mikono mifukoni. Mezani kikombe kilikuwa kinagonga kisahani kabla hakijafika mdomoni. Dada, bila kusema neno, akaanza kummiminia chai nusu. Kioo naye hakuuliza kwa nini. Nami nilipokwenda kuwatembelea nikaona, nikawa namimina nusu. Watoto wao wakija wanamimina nusu. Familia nzima tulijifunza nusu kikombe bila mtu yeyote kufundishwa.

Nilimpeleka mimi mwenyewe kwa daktari, kwa mlango wa nyuma, asikutane na watu. Daktari alimpa dawa, akamwambia kwa upole kwamba mkono utatulia kiasi lakini hautarudi ulivyokuwa. Kioo akashukuru, akatoka, akatembea nami mpaka getini akizungumzia mapaa ya majengo. Kwa Dada alisema jambo moja tu, na hakulirudia.

"Sitaki wenzangu wanione," alimwambia. "Hasa yule."

Yule ni Rangi Mbili, fundi wa kupaka rangi, rafiki yake wa tangu ujana. Walifuatana kazini maisha yao yote, Kioo akipiga lipu na mwenzake akija nyuma yake kupaka. Jina alilipata kwa sababu kila mteja lazima amshawishi achague rangi mbili, moja ya chini na moja ya juu, hata chumba kiwe cha kuku. Fundi wa rangi ndiye mtu anayeijua lipu kuliko aliyeilipia, maana anaipitia yote kwa mkono wake. Kioo akaanza kumkwepa. Rangi Mbili akipita nyumbani, Kioo yuko bafuni, au amelala, au ametoka sasa hivi. Dada alikuwa anadanganya huku anaona aibu, kwa sababu Rangi Mbili alikuwa akisikiliza uongo wote huo kwa heshima na kuacha salamu.

Ndipo Matroni wetu akaja mezani kwangu. Ukumbi wa kusubiria ulikuwa umepakwa upya, mkubwa, mweupe, na watu walikuwa wanaketi humo kama wamewekwa ndani ya jokofu. Akaitazama ile picha yangu ndogo iliyochakaa kwa kupapaswa.

"Huyu anaweza kutengeneza kubwa?" aliuliza. "Kubwa hasa. Na waiguse."

Dada alipopata habari hiyo hakupiga kelele. Aliketi kwenye kiti cha cherehani akashika mdomo kwa mikono miwili. Nilikuwa sijawahi kumwona akitaka kitu kiasi hicho. Alianza kesho yake. Aliunganisha mbao, akatandika magunia, akashonea vipande vya pazia la zamani la chumba chao, akapaka gundi, akapandisha lipu tabaka kwa tabaka. Chini palikuwa pekundu, juu pa rangi ya mkaa, na katikati alikuwa anangoja ufa. Hakutaka vile vipasuko vidogo kama vya tope lililokauka, ambavyo picha zake zote zinavyo. Alitaka ufa mmoja, mkubwa, upite toka upande hadi upande, ufike mpaka kwenye ubao. Alisema nchi yoyote ina mahali pamoja palipochanika. Mimi nikasema sawa, kwa kuwa alikuwa ameshika mwiko wa lipu.

Ufa ulikuja mchana mmoja wa jua kali, wakati yeye mwenyewe hayupo. Alikuwa amekwenda kumpelekea mteja mapazia. Aliporudi, alimkuta Kioo uani anaosha mwiko kwenye ndoo, bila koti, mikono ya shati imekunjwa, uso unang'aa.

"Nimekuokolea," Kioo alisema.

Alikuwa ametoka kwenda uani akaona picha imepasuka vipande viwili, kipande cha lipu kimeanguka chini, ubao uko wazi. Picha ya hospitali, na inakuja kuchukuliwa baada ya siku chache. Kwani angefikiri nini? Hata mimi ningepiga mayowe. Vile vipasuko vidogo alishavizoea, lakini huu kwake ulikuwa msiba. Akachukua jasi yake safi kabisa, ile aliyokuwa akiitunza, akachanganya, akauziba ufa wote toka upande hadi upande, akausawazisha kwa mwiko wake mwenyewe ambao hakuwa ameushika tangu alipoacha kazi.

Dada akasema, "Ahsante, Fundi." Anamwita Fundi tangu siku za kile kiganja. Akamwambia amefanya vizuri. Akaingia ndani, akatokea mlango wa mbele, akaja moja kwa moja kwangu kazini, akaketi upande wangu wa meza na kulia mbele ya foleni nzima.

Niliwaambia watu wasubiri kidogo, nina mgonjwa.

"Kwangua," nilimwambia aliponieleza. "Bado mbichi. Kwangua usiku huu, kesho ipasuke tena."

"Nikikwangua atajua nimeona kazi yake ni mbaya. Hukumwona uso wake, mdogo wangu. Hajawa na uso ule tangu sijui lini."

"Basi usikwangue. Weka rangi juu, yaishe."

"Haikunyooka," alisema.

Sikuelewa kwanza.

"Haikunyooka. Ina mawimbi, yote. Mwiko ulikuwa unaruka mkononi, unaona kabisa kila uliporuka. Yeye haoni, uani mwanga unatoka juu. Lakini unadhani nani anakuja kuibeba na kuitundika?"

Rangi Mbili. Nani mwingine mwenye gari dogo la kubebea ngazi, na ndoano, na moyo wa kufanya kazi ya Dada bure? Nikaona sasa jinsi alivyobanwa. Akiukwangua ufa, mumewe ataamini kwamba hata kuziba ufa amekuwa hawezi. Akiuacha, mkono ule aliouficha mifukoni muda wote huo utatundikwa ukumbini, mbele ya mtu ambaye ataugundua kwa kupitisha kiganja mara moja tu.

Nilikasirika. Nikikosa la kufanya huwa nakasirika. Nilimkasirikia Kioo kwa kuwa na mkono unaotetemeka na mdomo usiosema, nikamkasirikia Dada kwa kupenda vitu vilivyopasuka. Yeye akafuta uso kwa kanga ya begani, akaniomba jambo moja.

"Itundikwe mbali na dirisha. Ukuta wa ndani kule, karibu na ngazi. Mwanga wa pale ni wa juu, haupiti ubavuni."

Nikaahidi. Nikaenda kwa Matroni, nikatoa hoja zote nilizonazo na nyingine nilizozibuni papo hapo. Ukuta wa ngazi una hewa nzuri. Ukuta wa ngazi unaonekana na wanaopanda. Matroni akanisikiliza mpaka mwisho, akaniambia ukuta wa ngazi una mabomba ndani, hakuna atakayepiga msumari pale akiwa yeye hai. Picha itakaa mkabala na meza yangu, kando ya madirisha marefu, ambako kila anayeingia ataiona. Jua la asubuhi linaingia pale kwa ubavu moja kwa moja. Nilirudi mezani kwangu nimeishiwa.

Dada hakukwangua. Alikipaka kile kiraka maji ya chai, ili weupe wake usipige kelele, basi. Maji ya chai yakatuama kwenye mabonde ya yale mawimbi na kuyafanya yaonekane zaidi. Alishona kifuniko kwa kitambaa cha pazia, akaifunika picha mwenyewe kabla Rangi Mbili hajafika kuibeba, na akamwomba asiifunue mpaka siku yenyewe. Rangi Mbili akakubali, akaibeba kwa tahadhari kama inaumwa, akaitundika ikiwa imevaa nguo.

Asubuhi hiyo ukumbi ulijaa kama kawaida, watu na vikaratasi vyao vya zamu. Kioo alikuja na Dada. Koti, mikono mifukoni. Alikuwa amenyoa ndevu na kujikata kidogo kidevuni, nami nikajua alinyoa mwenyewe, akakataa kusaidiwa. Rangi Mbili alikuwa amesimama kando ya ngazi yake. Walisalimiana kwa vichwa. Kioo hakutoa mkono, na mwenzake hakuutoa wake ili asimlazimishe.

Matroni akasema machache, akavuta kitambaa.

Jua lilikuwa pale pale nilipolitegemea. Likapita juu ya picha kutoka kushoto, na kila kitu alichofanya Dada kikainuka: gunia, mshono, mchanga, doa la kutu. Na katikati, toka upande hadi upande, ukanda wa rangi ya chai ukaonyesha mawimbi yake yote. Vivuli vyembamba, kimoja baada ya kingine, kila mahali mwiko uliporuka. Hata mimi nisiyeona milima niliona. Dada alikuwa amenishika mkono, kucha zinaniingia.

Watu wakainuka kwenye mabenchi. Mama mmoja mwenye bandeji mguuni akafika wa kwanza, akapapasa pekundu, akapapasa mkaa, halafu mkono wake ukafika katikati ukakaa hapo, ukienda na kurudi.

"Hapa ndipo pazuri," alimwambia jirani yake. "Hebu weka mkono."

Nikamtazama Kioo. Hakuwa anamtazama huyo mama. Alikuwa anayatazama yale mawimbi. Aliona. Mtu aliyetumia maisha yake yote kushika taa ubavuni mwa ukuta, ungemficha nini? Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, nami nikajua atageuka, atatoka mlangoni, na hatutampata tena.

Rangi Mbili naye alikuwa ameisogelea picha. Alifanya kile alichokuwa akifanya mwenzake: akaweka shavu karibu na lipu, akatazama kwa ubavu, akapitisha kiganja. Kiganja kikaenda mpaka mwisho. Kikasimama.

"Usihangaike kutafuta," Kioo alisema. "Ni mimi."

Akatoa mkono mfukoni. Ulikuwa unatetemeka waziwazi, mbele ya foleni, mbele ya Matroni, na jua lilikuwa linautwanga. Akauweka juu ya picha, kando ya mkono wa rafiki yake.

"Mkono haunisikii siku hizi," alisema.

"Najua," alisema Rangi Mbili, bado anaitazama picha.

"Unajua nini?"

"Ile nyumba yetu ya mwisho. Na ile ya kabla yake, yenye veranda. Nilikuwa nawahi asubuhi kabla yako, napiga msasa. Halafu ndipo wewe unakuja na taa yako kukagua."

Mdomo wa Kioo ulikuwa unacheza, na sikujua kama atatukana.

"Mimi nilikuwa naondoka jioni nimeona vivuli," alisema. "Asubuhi nikija, havipo. Nikasema basi, macho ndiyo yamenidanganya jana. Nikafikiri naumwa macho vilevile! Nimelala bila usingizi kwa ajili ya macho yangu, wewe shetani!"

"Ningekuambia, lakini kila nikija uko bafuni."

Akacheka Kioo. Alicheka vibaya, machozi yanamtoka, ameegemea picha ya mkewe kwa mkono ule ule, na watu wote wa foleni wakacheka naye bila kujua wanacheka nini. Mimi nililia. Sina sababu ya kuficha, nililia kwa sauti, na Matroni akanipa kile kitambaa cha pazia nijifutie.

Kisha Kioo akamgeukia Dada, na kicheko kikaisha.

"Na wewe ulijua nimeharibu."

"Nilijua."

"Ulitaka ule ufa, kama ulivyotaka kila nilichokukataza."

"Niliutaka sana," alisema Dada. Hakumdanganya, na nilimpenda kwa hilo.

"Sasa mbona hukukwangua?"

Dada alikuwa anaogopa. Nilidhani atasema jambo la sanaa, la nchi na mahali palipochanika.

"Kiganja changu mbona hukukisawazisha?" alisema.

"Nilikisawazisha mara mbili!"

"Cha tatu je?"

"Kile kiko nyuma ya kabati," alisema Kioo. "Nilikificha."

"Ndiyo. Mimi mkono wako nimeuweka wazi mbele za watu."

Yule mama wa bandeji alikuwa bado anapapasa pale katikati, akasogea kidogo ili Kioo apate nafasi. Kioo akapitisha vidole vyake kwenye mawimbi yake mwenyewe, wimbi kwa wimbi, vidole vinatetemeka juu ya mtetemeko. Alichukua muda wake. Kisha akavua koti, akamkabidhi Dada alishike.

Foleni ikaanza kuninung'unikia, na haki yao. Nikarudi kwenye meza yangu, nikaandikisha watu macho yamevimba. Walipopungua nikawaita wote watatu upande wangu wa meza, nikatoa chupa ya chai na vikombe ninavyovificha kwenye droo. Nikammiminia Rangi Mbili, nikammiminia Dada. Nikammiminia Kioo nusu, mkono wangu ulikuwa umeshazoea, nikamsogezea.

Akakitazama kikombe.

"Shemeji," alisema, "mbona nusu?"

Nikamtazama Dada. Dada akatazama pembeni, kwenye picha.

"Jaza," alisema Kioo.

Nikajaza mpaka ukingoni. Akakishika kwa mikono miwili, akakiinua. Chai ikamwagika kwenye kisahani, ikamwagika kwenye shati, kidogo ikaingia kwenye karatasi zangu za kazi. Hakuna aliyenyanyuka kufuta. Akanywa iliyobaki yote, akarudisha kikombe mezani, akaniambia niongeze.